Ununuapo mashine ya kuchomelea, kumbuka macho na mapafu

Watu wengi hujinunulia mashine ndogo ya kuchomelea vyuma ili watengeneze lango au kizimba cha kuku bila kumwita fundi. Hilo si kosa. Kosa ni kuuliza bei ya mashine pekee, kisha kuifanyia kazi ukiwa umevaa miwani ya jua. Vifaa vya kujikinga ni sehemu ya mashine. Ikiwa pesa hazitoshi kununua vyote, afadhali ungoje.

MACHO

Mwanga wa kuchomelea una miale mikali isiyoonekana ambayo huunguza utando wa mbele wa jicho. Wakati huo huhisi lolote. Baada ya saa 3 hadi 12, mara nyingi usiku, macho huuma kana kwamba yametiwa mchanga, hutoka machozi na kushindwa kuvumilia mwanga.

Kwa kawaida hali hii hupona kwa siku 1 au 2. Usiyafikiche macho, wala usitie maziwa au maji ya kiazi. Usitumie dawa ya kutia ganzi nyumbani, kwani huchelewesha kupona. Maumivu yakizidi siku 2, macho yakiona ukungu, au kipande cha chuma kikiingia jichoni, nenda hospitali mara moja.

Nunua ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi. Unapogonga maganda ya chuma, vaa miwani myeupe ya kukinga macho. Watoto wanaotazama pia huumia, waondoe.

MOSHI

Mabati na mabomba mengi ya maji hupakwa zinki. Yakichomelewa, moshi wake huleta homa, baridi, kiu na ladha ya chuma mdomoni saa kadhaa baadaye. Mgonjwa hudhani ni malaria. Pimwa damu, lakini mweleze daktari kazi uliyofanya. Kunywa maziwa hakuzuii homa hii.

Mwaka wa 2017, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha moshi wa kuchomelea miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo fanyia kazi nje, usiinamie moshi, na uondoe zinki na rangi mahali pa kuchomelea. Ukiiondoa kwa kusugua, funika pua kwa barakoa ya kuzuia vumbi.

UMEME NA MOTO

Usichomelee ukiwa umesimama penye maji. Vaa glavu kavu za ngozi, viatu vya soli ya mpira na nguo za pamba zenye mikono mirefu. Mwite fundi wa umeme akague soketi na waya wa ardhini. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwone daktari wake kabla ya kununua.

Usichomelee kamwe pipa lililowahi kuwa na petroli, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Dukani, basi, itisha mashine, ngao, glavu na miwani kwa pamoja, kisha ndipo ujadili bei.