SAA YA KUMEZA DAWA ZA SONONA

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya saa ya kumeza dawa za sonona. Walimu wa vijijini hapa Iringa huwatembelea wagonjwa hawa, nao huulizwa: “Mwalimu, dawa hii niimeze lini?”

Kwanza tujue ya kuwa sonona si uvivu, wala si huzuni ya siku moja. Ni ugonjwa. Wengine huamka alfajiri na moyo mzito mno, kisha jioni hupata nafuu kidogo. Basi tusimwambie mgonjwa, “Jana jioni ulicheka, asubuhi hii wajisingizia.”

Pili, tuzitazame dawa mbili zitumikazo sana. Amitriptilini huleta usingizi. Kwa hiyo humezwa usiku. Aimezaye asubuhi aweza kusinzia shambani au njiani. Fluoksetini huwanyima wengine usingizi. Kwa hiyo humezwa asubuhi. Lakini neno la daktari ndilo la kufuatwa, na saa iwe ile ile kila siku.

Tatu, tuangalie cheti. Saa za hospitali huandikwa pengine kwa hesabu ya Kizungu. 8 ya usiku ndiyo saa mbili yetu. Mtu akiidhani kuwa saa nane ya mchana, atasinzia kazini, ataichukia dawa na kuiacha. Mwalimu ajuaye kusoma na amsaidie.

Nne, tuwe na saburi. Nafuu haiji kwa siku moja. Huja baada ya majuma mawili, manne, hata zaidi. Naye aliyepona huendelea kumeza kwa miezi sita au kupita, wala haachi ghafula pasipo shauri la daktari. Akisahau siku moja, asimeze maradufu kesho yake. Ulanzi na pombe nyingine azikatae, maana huzidisha usingizi wa dawa.

Mwisho, neno zito. Amitriptilini nyingi huua. Kwa hiyo dawa zikae mkononi mwa ndugu mwaminifu, naye ampe mgonjwa kipimo cha siku. Mgonjwa akinena habari ya kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja, ijapokuwa ni usiku.

Basi, mwalimu, utakapomtembelea mgonjwa wako, omba kukiona cheti chake, mkisome pamoja.