Mafuta Hayaazimwi

Kijana mwenzangu! Hebu soma tena Mathayo 25:1-13. Wale wanawali kumi wote walisinzia, hata wenye busara. Hilo hunipa moyo, maana mimi nami huchoka. Tofauti yao ilikuwa mafuta tu, na usiku ule hakuna aliyeweza kumgawia mwenzake. Sala za mama yako zinakusaidia sana, ila mama hawezi kuungama dhambi zako. Mtakatifu Carlo Acutis aliungama kila wiki. Oktoba 2006 saratani ya damu ikamchukua ghafla, ana miaka 15 tu! Sisi tunasema, "Nitaungama Pasaka." Kwaresima iliyopita nilipanga foleni ya kitubio, nikaona padri ni yule anayenifahamu, nikageuka. Jumamosi hii narudi. Wewe je, uliungama lini?