Mto Umebadilika? Chora Ramani Yake

Hebu fikiria, rafiki. Umeteremka mtoni na ndoo, pale pale unapochota maji siku zote. Zamani palikuwa na mchanga na maji yanakimbia. Leo pameota matete, maji yamelala. Je, hapo bado ni salama?

Sisi wa Ngenge tunaujua Mto Ngono, unaokwenda kuungana na Kagera. Juu kwenye Kagera, kule Ngara, kuna mtambo wa umeme wa Rusumo, megawati 80, unaotumiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Rusumo haina bwawa kubwa la kuhifadhi maji, kwa hiyo usitegemee makubwa kama ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022.

Bwawa kubwa hutega tope. Maji yakifika humo hupunguza mwendo, mchanga unazama. Yanayotoka upande wa chini hayana mzigo, basi yanaanza kula kingo na sakafu ya mto. Lakini kwingine huwa kinyume chake! Mafuriko yaliyokuwa yakizoa magugu kila mwaka yakipungua, fungu la mchanga linatulia, nyasi zinashika, halafu matete, mwishowe miti.

Kwenye magugu na maji yaliyotulia ndiko wanakopenda konokono wa kichocho. Nchini Senegal, bwawa la Diama lilimalizika 1986. Lilizuia maji ya chumvi kupanda mtoni, maji baridi yakatulia, konokono wakaongezeka. Miaka michache tu baadaye mji wa Richard-Toll ulikuwa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo.

Sasa kazi. Nendeni kikundi, pamoja na mwalimu, na mbaki juu ukingoni. Viboko na mamba hawajui kwamba mko kwenye somo. Chagueni mti mkubwa uwe alama. Kuanzia hapo tembeeni mita 100, na kila mita 10 andikeni: mchanga mtupu, nyasi, matete, mafunjo au miti? Ukingo umebomoka? Watu wanachota, wanafua au wanaogelea wapi? Pimeni kwa kamba kutoka kwenye mti hadi mwanzo wa ukingo. Rudini mwezi huohuo mwaka ujao, maana ukilinganisha masika na kiangazi utadanganyika. Ngono haipiti Rusumo, hivyo shule iliyo kando ya Kagera ikichora pia, mtakuwa na mito miwili ya kulinganisha. Wenye intaneti wanaweza kutazama bure picha za satelaiti za Landsat, zilizoanza 1972.

Pale ramani inapoonyesha matete na waogeleaji mahali pamoja, mpelekeeni mhudumu wa afya wa kijiji. Na kama wewe mwenyewe unakojoa damu au unaona damu chooni, usione haya. Nenda zahanati ukapimwe. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo ya kichocho.