Kumbukumbu au Hifadhi? Istilahi na Tatizo la Tarakilishi Inayojikokota

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi istilahi moja ya Kiswahili, kumbukumbu, inavyoweza kumpotosha mwenye tarakilishi inayojikokota, na kueleza hatua zinazofaa kuchukuliwa. Tumchukue mtafiti wa fasihi simulizi aliye nyanjani Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, akirekodi ngano za Wasabaoti. Aghalabu mtafiti wa aina hii hutumia kipakatalishi kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, chenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Akifungua kwa pamoja sauti ya fanani, faili ya unukuzi na kurasa kadhaa za intaneti, mashine hukwama.

Mwenzake humshauri: "Kumbukumbu imejaa, futa faili." Hapo ndipo penye hatari. Rekodi ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, huchukua takriban megabaiti 600 kwa saa, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kuonekana kuwa mzigo. Fanani aliyekula chumvi nyingi huenda asipatikane tena, na hata akipatikana, utendaji haurudiwi vilevile. Mtafiti atakuwa amepoteza data yake, na huenda mashine ibaki kujikokota kama awali.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba neno kumbukumbu hutumiwa kwa dhana mbili. Ya kwanza ni RAM, mahali ambapo kazi inayoendelea huwekwa kwa muda. Umeme ukikatika, vilivyomo hupotea. Ya pili ni diski, ambako faili hukaa hata mashine ikizimwa. RAM ni mafiga, diski ni ghala: kupunguza mahindi ghalani hakuongezi nafasi ya vyungu motoni. RAM inapojaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Diski ya kipakatalishi aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono wake wa kusomea hauna budi kusogea huku na huko kuitafuta data. Huko ndiko kusubiri kunakotoka.

Hata hivyo, ushauri wa yule mwenzake si wa kupuuzwa kabisa. Diski iliyojaa pomoni huunyima mfumo nafasi ya kufanyia uhamishaji huo. Ni vyema angalau sehemu moja ya kumi ibaki wazi, ila kinachofaa kuondolewa kwanza ni programu zisizotumika na filamu, wala si ngano.

Kwa maoni yangu, kumbukumbu ibaki kuwa RAM, na diski iitwe hifadhi. Kuswahilisha programu si jambo geni: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini kutafsiri menyu ni kazi moja, na kupambanua dhana ni kazi nyingine.

Ama kuhusu tiba, uchunguzi utangulie. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; litatokea jedwali la matumizi ya mashine. Ikiwa RAM ndiyo inayokaribia asilimia 100, funga kurasa za ziada, zuia programu zinazojiwasha zenyewe, kisha ufikirie kuongeza RAM. Ikiwa diski ndiyo iliyolemewa ilhali RAM ina nafasi, badilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, ambayo haina kiungo kinachosogea. Nadhani hakuna shilingi inayoifaa mashine kuukuu kuliko hiyo. Kichakataji kikiwa kimelemewa hali hujafungua kitu, shuku virusi. Mashine ikiwa moto kupita kiasi, safisha vumbi kwenye feni, maana joto hukifanya kichakataji kijipunguzie kasi.

Kabla ya kumpelekea fundi wa Bungoma au Kitale, nakili rekodi zote kwenye vifaa viwili na uviweke mahali tofauti. Uliza pia aina ya RAM kabla ya kulipa: ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4.