Darsa ya Sura ya Abasa: Nani Mwenye Haki ya Elimu ya Juu?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), darsa yetu ya safari hii yatoka mwanzo wa Sura ya Abasa. Wenye tafsiri wametueleza sababu ya kuteremka kwake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai kuwa wao wakisilimu watu wengi watawafuata. Akaja kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, akitaka afundishwe; na kwa kuwa hakuona kuwa pana mazungumzo, akawa auliza na kukariri. Mtume akakunja uso, akaendelea na wale wakubwa. Ndipo Mola wake alipomtanabahisha kuwa aliyekuja mbio kutafuta elimu, na moyoni mwake mna khofu ya Mungu, haachwi kando kwa ajili ya anayejiona hana haja. Kipofu huyo baadaye alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja aliachiwa mji wa Madina auangalie.

Msomaji na alizingatie jambo moja. Udhuru wa kumchelewesha kipofu yule haukuwa udhuru mbaya. Ulikuwa ni maslaha ya dini yenyewe. Na juu ya hivyo haukukubaliwa. Basi udhuru wa ukabila, au wa kuwa huyu ni mwanamke, au wa nguo aliyojisitiri kwayo, utakubaliwa wapi?

Twasema haya kwa sababu ya mambo ya vyuo vikuu vya Nairobi. Mtu akitoka Msikiti wa Jamia akatembea kidogo kwa miguu hufika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na majengo yake yakaenea magharibi, Chiromo mpaka Kabete. Vijana wetu wa pwani wa shahada ya kwanza twawaona Ijumaa msikitini. Ama wanaoendelea na shahada ya uzamili na ya uzamivu, tunaowajua ni wachache. Na hapo ndipo penye jambo, maana kanuni za vyuo vikuu zilizotolewa mwaka 2014 zilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Mwenye shahada hiyo ndiye afundishaye, ndiye atungaye mtihani, ndiye aketiye katika baraza la kuchagua nani aingie baada yake. Asiyekuwamo huchaguliwa na wengine, na tarikhi yake pia huandikwa na wengine.

Mfano wa kizuizi tunao hapo hapo Chiromo. Bibi Wangari Maathai alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada ya uzamili na barua ya kazi ya utafiti chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa kazi amepewa mtu mwengine. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa aliona sababu ni kabila lake na uanamke wake. Akachukuliwa na profesa wa Kijerumani katika idara ya anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Miaka mitano baadaye aliiongoza idara ile ile. Asitokee mtu akasema mbona mwatutajia asiyekuwa Muislamu. Dhulma ni dhulma, na aliyedhulumiwa hatuulizi dini yake.

Sheria leo iko upande wa anayeomba haki. Sheria ya mwaka 2008 yakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi wa kabila, jinsi, dini, ulemavu, hata mavazi. Na kifungu cha 56 chaamuru watu wa makundi madogo na yaliyowekwa nyuma wapewe nafasi makhsusi katika elimu. Binti yetu akikatazwa mlango kwa sababu ya mtandio wake, na aandike mashitaka kwa adabu na kwa ushahidi. Kunung'unika barazani hakujapata kumrudisha mtu darasani.

Wako wasemao kuwa kumpa nafasi aliyewekwa nyuma ni kuishusha elimu. Jawabu yao ni Profesa Ali Mazrui, mwana wa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye gazeti la Al-Islah. Mtihani wake wa mwaka 1949 haukuwa mzuri, na Makerere haikumpokea. Akafanya kazi katika Chuo cha Waislamu cha Mombasa, hata akapata msaada wa kwenda Uingereza. Akatoka Manchester na shahada mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, na Oxford na uzamivu mwaka 1966. Na Makerere ile ile ikamfanya profesa. Hakupunguziwa mtihani hata mmoja. Alifunguliwa mlango, akatahiniwa mara ya pili.

Lakini na sisi tujiangalie. Je, kamati zetu za kuwasaidia wanafunzi hazimuulizi kijana ni wa ukoo gani? Je, Mmijikenda aliyesilimu, na Mnubi wa Kibra, hupimwa kwa kipimo cha mtoto wa mwenye duka? Na binti akimaliza shahada ya kwanza, mara ngapi huambiwa yatosha, na kaka yake akapelekwa mbele? Karima wa Marwazi alisomesha Sahihi ya Bukhari mjini Makka katika karne ya tano ya Hijra, na Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mkubwa, aliketi akamsomea.

Limebaki suala la mali, nalo ni zito. Mikopo ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1995 ilitozwa faida, na vijana wengi wachamungu waliiepuka kwa kuogopa riba. Tumeulizwa: je, zaka yaweza kumlipia fakiri masomo ya juu? Imam Nawawi amesema kuwa mwenye kuweza kuchuma, lakini uchumaji ukamkata na elimu ya sheria, ni halali kupewa zaka. Ama elimu nyengine, wanavyuoni wana khilafu. Imam Ghazali ameihesabu tiba na hesabu katika faradhi za kutosheleza, akalaumu miji isiyokuwa na tabibu Muislamu; kwa hivyo sisi twaelemea kwenye ruhusa, kwa sharti mwanafunzi awe fakiri kwa hakika na elimu yake iwe yenye kuhitajiwa na watu.

Ama wakfu, hauna khilafu hiyo. Aliye na nyumba ya kupangisha Mombasa, Malindi au Eastleigh aweza kuiwakifu, kodi yake ilipe karo ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wanaume na wanawake, wazima na wenye ulemavu, wa kila kabila. Na sharti hilo liandikwe ndani ya hati yenyewe, mbele ya kadhi na mashahidi, ili msimamizi ajaye baadaye asipate njia ya kuwakata wengine.