Die Schule: neno unalolijua kabla ya kujifunza Kijerumani

Swali: Kwa nini anayeanza Kijerumani aanze na neno Schule?

Kwa sababu tayari analo mdomoni. Neno letu shule limetokana na Schule, lililotufikia Wajerumani walipoitawala Tanganyika. Shule ya serikali ya Tanga, kwa mfano, ni ya miaka ya 1890. Zanzibar, walikotawala Waingereza, watu husema skuli. Matamshi hayasumbui: vuta sauti ya u, kisha itamke e ya mwisho kwa ulegevu. Herufi ya kwanza huandikwa kubwa hata katikati ya sentensi, kama ilivyo kwa nomino zote za Kijerumani. Hata hivyo, kujua maana na matamshi hakutoshi. Nomino ya Kijerumani hujulikana pale tu inapojulikana pamoja na kineno kinachoitangulia, na hapa kineno hicho ni die.

Swali: Hicho kineno kina kazi gani?

Kijerumani hugawa nomino zake katika makundi matatu, la der, la die na la das. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo si geni, maana amekulia kwenye ngeli. Shule haina kiambishi kinachoonyesha umoja wala wingi. Ngeli yake tunaisikia kwenye upatanisho, shule imefungwa, shule zimefungwa. Kundi la Schule nalo husikika nje ya nomino: die Schule, eine neue Schule, na ukiirejelea utasema sie, si es. Tofauti ni kwamba Wajerumani hubadilisha na nomino yenyewe katika wingi: die Schulen.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba ngeli zetu zina mantiki, viumbe hai huchukua a- na wa-, ilhali der, die na das hayatabiriki. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Nyumba, barua na nguo zote zimo katika I-ZI, na hakuna mtoto aliyeelezwa sababu, alizisikia zikitumika. Kijerumani nacho kina dalili zake: nomino nyingi zinazoishia na -e ni za die, kama Lampe, Tasche na Straße, ingawa der Name na das Auge hazifuati mkondo huo.

Swali: Mbona basi Wajerumani husema in der Schule?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, wakadhani Schule imehamia kundi la der. Haijahama, kineno ndicho kilichobadilika kulingana na kazi. Sisi tuna shuleni moja: naenda shuleni, niko shuleni, na kitenzi ndicho kinachotofautisha. Kijerumani huweka tofauti hiyo kwenye kineno. Die Kinder laufen in die Schule ni watoto wanaokimbilia shuleni, bado wako njiani. Die Kinder laufen in der Schule ni watoto wanaokimbia wakiwa ndani ya shule. Kitenzi ni kilekile, nomino ni ileile. Herufi chache za kineno zimebeba habari yote.

Swali: Nikikosea, si nitaeleweka tu?

Mara nyingi utaeleweka, na hofu ya kukosea isimzuie mtu kuzungumza. Lakini mfano wa watoto umeonyesha kwamba kineno si pambo. Tena, asiyejua makundi hukwama kwenye maneno yaliyoungana, ambayo Kijerumani kinayo tele. Neno la mwisho ndilo linaloamua kundi: Grundschule, shule ya msingi, ni die kwa sababu ya Schule, lakini Schulbuch, kitabu cha shule, ni das kwa sababu ya Buch. Hochschule nayo isikudanganye: si sekondari, ni taasisi ya elimu ya juu.

Kwa hiyo, usiandike daftarini Schule peke yake. Andika die Schule, die Schulen, kisha sentensi mbili chini yake: Ich gehe in die Schule. Ich bin in der Schule. Zisome kwa sauti mpaka ulimi uzizoee, halafu ufanye hivyohivyo kwa kila nomino mpya.