AC ya Gari la Zamani: Kabla Hujakubali Kujaza Gesi

Ukimpelekea fundi gari lisilopoza, mara nyingi utaambiwa "gesi imeisha" kabla boneti haijafunguliwa. Mimi naendesha Corolla ya mwaka 1998 hapa Dar es Salaam, na naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye karibu kutoa pesa kwa kauli hiyo. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na mfumo ukiwa mzima hukaa humo miaka mingi. Mipira iliyozeeka hupitisha kidogo kidogo, kweli, lakini gesi iliyojazwa mwezi uliopita ikiwa imekwisha leo, ujue kuna tundu. Kujaza bila kulitafuta ni kununua baridi ya wiki chache.

Tena si kila AC iliyokufa imekosa gesi. Ya kwangu ilikuwa nayo ya kutosha.

Barabara ikiwa nyeupe, ilipoza vizuri kabisa. Nikiingia kwenye foleni ya Ubungo hewa inakuwa vuguvugu, kisha joto tupu. Magari yakisogea, baridi inarudi. Ukiona dalili hii, anzia mbele ya gari. Pale mbele ya rejeta ndipo ilipo kondensa, inayotupa nje joto lililotolewa ndani. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza. Likisimama, inaitegemea feni. Feni isipozunguka, joto halina pa kwenda, presha inapanda, na swichi ya usalama inazima kompresa.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Vuta breki ya mkono, toa gia, washa injini na AC, weka feni ya ndani kwenye namba ya juu, kisha fungua boneti. Mikono na nguo zikae mbali na mikanda. Itazame kompresa: puli yake huzunguka muda wote injini inapowaka, kwa hiyo isikudanganye. Kinachotakiwa kuonekana ni kisahani kilicho mbele ya puli. AC ikiwashwa, kinagonga "tak" na kuanza kuzunguka pamoja nayo. Halafu angalia feni ya kondensa.

Yangu ilikuwa kimya. Fyuzi nzima. Nikabadilisha relei yake na nyingine yenye namba ileile ndani ya boksi, bado kimya. Nikachomoa plagi ya feni na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri: haikuamka mpaka nilipoisukuma kwa kijiti, ikazunguka kivivu. Hapo hakuna swali tena, mota imechoka. Nilipata ya mtumba Kariakoo, nikaijaribu kwa betri mezani pa muuzaji kabla ya kulipa. Feni ilipokuwa imefunguliwa nikaosha kondensa, maana vumbi na wadudu walikuwa wamejaa katikati ya mapezi yake. Tumia maji ya bomba ya kawaida. Mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi, na yakilala upepo haupiti.

Kwako huenda kisahani chenyewe ndicho kisichoshika. Kama hakishiki kabisa, ama umeme haufiki, ama gesi imepungua kiasi kwamba swichi ya presha inakataa. Kama kinashika asubuhi na kugoma injini ikipata moto, ishuku klachi. Nafasi kati ya kisahani na puli inatakiwa kuwa karibu nusu milimita. Ikipanuka kwa kuchakaa, sumaku ikishapata joto inashindwa kukivuta. Kwenye kompresa nyingi fundi hupunguza nafasi hiyo kwa kutoa washa nyembamba, bila kugusa gesi. Usikubali kuuziwa kompresa nzima kabla hajaipima.

Kisha gusa bomba nene la aluminiamu linalotoka kwenye ukuta wa injini. Likiwa baridi na linatoa jasho, huku hewa ya ndani ni ya moto, mfumo wa gesi unafanya kazi. Shida iko kwenye dashibodi: waya wa kuchanganya hewa ya hita umekwama, au evapareta imezibwa na uchafu.

Uvujaji hujionyesha kwa mafuta, kwa sababu gesi hutembea na mafuta ya kompresa. Kagua maungio, nyuma ya puli na uso wa kondensa. Palipo na vumbi lililonata kwa mafuta, pake povu la sabuni. Usilegeze nati yoyote mwenyewe. Gesi ikiruka inagandisha ngozi, na jicho halisamehewi.

Fundi akifunga geji, simama naye. Kwa gesi ya R134a, injini ikiwa mizunguko 1,500 na joto la hewa inayoingia kwenye AC nyuzi 30 hadi 35, vitabu vya Toyota hutaja psi 21 hadi 36 upande wa bluu, na 199 hadi 228 upande wa nyekundu. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni kidogo. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipozwi. Bluu ikiwa juu na nyekundu chini, hapo ndipo kompresa inalaumiwa kwa haki.

Mfumo ukifunguliwa, dai mambo haya bila kuona haya: oringi mpya, draya mpya, na pampu ya kunyonya hewa ifanye kazi nusu saa au zaidi, kisha geji iachwe uone kama sindano inabaki palepale. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na maji yakibaki ndani huganda kwenye vali na kutengeneza asidi. Gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kataa gesi ya kupikia, inaweza kuwaka. Na usiruhusu ya zamani iachiwe hewani. R134a inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaipunguza.

Kabla ya kulipa, funga madirisha, weka hewa ya kuzunguka ndani, chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati, endesha dakika kumi. Ikishuka karibu na nyuzi 10, mlipe. Ikigoma kwenye 18, mrudishie gari palepale na umwombe afunge geji tena ukiwa umesimama pembeni.